Kiota Ndani ya Ndege

Juzi niliona ndege ndogo ikipaa Migori na kukunja magurudumu yake, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni huko Homa Bay. Baba, fundi wa ndege, alikuwa amelala chali chini ya ndege kuukuu iliyoinuliwa kwa jeki, akichokora shimo ambamo gurudumu hujificha. Alitoa kiota cha panya: nyasi zilizolowa mkojo, na vitoto vilivyooza vikiwa vimenata kwenye grisi. Uvundo ulinirudisha nyuma hatua mbili. Kisha mafuta mekundu yakamchuruzikia usoni, nikapiga yowe nikidhani ndege inatoka damu.

Mwenye ndege aliziba pua kwa leso.

"Pangusa tu, fundi. Abiria wananingoja."

"Mzee, panya wametafuna bomba la mafuta yanayosukuma magurudumu. Magurudumu yanaweza kukataa kushuka."

"Kwani nani atachungulia huko?"

"Nimeshachungulia mimi. Sitii sahihi."

Yule mtu alitukana, lakini ndege haikuruka siku hiyo.

Jioni mama alitupakulia samaki na kuon, ugali wa kwetu. Baba hakugusa. Nilidhani ni wale panya waliomtia kinyaa. Sasa mimi ni fundi, nimetoa viota vingi, na nikishanawa mikono hula bila shida; kinachoninyima chakula ni kuwaza abiria ambao wangepanda.