Manowari Niliyomjengea Baba kwa Karatasi

Baba yangu alipopoteza macho, kwanza aliacha kutembea, kisha akaacha kuzungumza. Macho yenyewe yalikwenda polepole. Daktari alisema ni presha ya macho, akampa dawa ya matone, akatuambia kwa upole kwamba tumechelewa. Baba akarudi nyumbani kwake Kakuma, akaketi chini ya kibanda kilichoezekwa kwa majani ya mkoma, akaelekeza uso barabarani, akabaki hapo.

Mimi nilikuwa nafanya kazi Lodwar, katika duka la kuchapa na kutoa kopi. Kila nilipopata ruhusa nilikwenda kumwona.

"Ejok, apa," nilimwamkia. Apa ndivyo tunavyomwita baba kwa Kiturkana.

"Ejok-nooi," alijibu, na baada ya hapo hakusema neno jingine mpaka chai iletwe.

Aliyekuwa naye kila siku ni jirani yetu, mama mmoja kutoka Sudan Kusini. Alilala katika kambi ya wakimbizi, lakini kibanda chake cha unga na sukari kilikuwa kando ya ua wetu, na mama yangu alipofariki alijitwika kazi ya kumpikia baba bila kuombwa na mtu. Siku moja alinivuta pembeni.

"Dada, hii mzee haina ugonjwa," aliniambia. "Iko na kukaa tu. Kukaa ndiyo itamaliza yeye."

Nilijua anasema kweli, na sikujua la kufanya.

Inafaa niseme baba alikuwa nani. Alizaliwa katika boma la wafugaji, akachunga mbuzi mpaka alipokuwa kijana, kisha akaandikishwa jeshini na kupelekwa Mombasa, kwenye jeshi la majini. Watu wa kwetu hawakuamini. Mturkana baharini? Aliporudi na pensheni yake alirudi pia na Kiswahili cha pwani, akatulea nacho. Shuleni wenzangu waliposema "ng'ombe mbili imepotea," mimi nilisema ng'ombe wawili wamepotea, nikachekwa. Lakini mambo ya meli hakuyasimulia sana. Tulijua tu kwamba alihudumu kwenye manowari, na kwamba picha aliyokuwa nayo ililiwa na mchwa.

Safari moja nilimkuta ameshika katoni tupu ya sukari. Alikuwa akiipapasa pembe zake, akiikunja kidogo, akiiachia.

"Kadibodi hii ni ngumu," akasema. "Ingefaa kwa mataruma."

"Mataruma ni nini, apa?"

"Mbavu za chombo. Chombo kina mkuku chini, kama uti wa mgongo. Mataruma yanatoka kwenye mkuku, huku na huku. Ukishapata hayo, chombo umekipata."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia mwaka ule. Nilirudi Lodwar nikiyafikiria njia nzima, na nilipofika nilikuwa nimekwisha amua. Nitamjengea manowari ya karatasi, kubwa, aweze kuishika kwa mikono miwili na kuitambua.

Karatasi haikuwa shida. Dukani kwetu kila jioni tulitupa vipande vilivyokatwa pembeni, na mwenye duka aliniruhusu kuvichukua pamoja na makaratasi ya manila yaliyochafuka wino. Kwenye simu nilitafuta picha za manowari za jeshi letu za miaka aliyohudumu, nikazichapa, nikazibandika ukutani. Nilikata mkuku kutoka kwenye katoni ya friji, mrefu kuliko kitanda changu, nikasimamisha mataruma juu yake, nikaanza kuivisha ngozi ya manila.

Joto la Lodwar lilinipa taabu. Gundi niliyoipika kwa unga wa ngano ilikauka kabla sijaibana, na ubao wa karatasi ulionyooka asubuhi ulikuwa umepinda adhuhuri kama jani la tumbaku. Nikajifunza kufanya kazi alfajiri, kabla mabati hayajapata moto, na kuweka mawe ya mtoni juu ya kila kitu nilichobandika. Mizinga niliiviringisha kwenye spoku ya baiskeli kwa karatasi ya kopi. Vyuma vya kushikia sitahani vilikuwa uzi wa kushonea niliouchovya kwenye gundi ukakauka wima. Mnyororo wa nanga ulinichukua muda mrefu zaidi, pete moja ndani ya nyingine, kila pete ndogo kuliko punje ya mtama.

Mama mwenye nyumba niliyopanga alichungulia siku moja, akaikuta imelala kifudifudi, bila milingoti, rangi bado.

"Mwalimu," akaniita, ingawa mimi si mwalimu, "unatengeneza jeneza?"

"Ni meli, mama."

"Meli ya kwenda wapi?"

"Kakuma."

Akanitazama, akaondoka bila kuuliza zaidi.

Kisha siku moja ya kazi nikafanya kosa. Nilikuwa nimemaliza sehemu ya nyuma, yaani tezi, nikaitoa meli nzima uani ikaukie kivulini, nikaenda dukani. Niliporudi mchana mbuzi wa mama mwenye nyumba alikuwa amesimama katikati ya vipande, anatafuna. Ile gundi ya unga ilikuwa chakula kwake. Alikuwa amemaliza tezi yote na kuanza kupanda sitahani.

Nilikaa kizingitini nikiwa nimechoka ghafla. Nilijiona mjinga, mtu mzima anayelilia karatasi iliyoliwa na mbuzi. Kwa siku kadhaa niliyageuza mabaki yaelekee ukutani nisiyaone. Kisha mama mwenye nyumba akaja na katoni mbili kichwani, mpya, za mafuta ya kupikia.

"Mbuzi wangu amekula meli yako," akasema kwa heshima, kama mtu aliyekuja kusuluhisha jambo la mifugo baina ya koo mbili. "Nimeleta hizi. Anza tena."

Nikaanza tena. Tezi ya pili ilitoka vizuri kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii nilijua mahali ambapo karatasi inapenda kupinda na mahali inapokataa. Nikaipaka meli nzima rangi ya kijivu, kisha nta ya mishumaa juu yake, na ikawa tayari.

Niliipeleka Kakuma kwa lori lililobeba magodoro. Dereva alikubali tuilaze juu ya mzigo, nikapanda nikaketi kando ya meli, na shuka limefunika milingoti. Kwenye kizuizi cha polisi askari aliinua macho.

"Umebeba nini huko juu?"

"Manowari," nikajibu, maana sikuwa na jina jingine la kuipa.

Askari alipanda kwenye gurudumu, akainua shuka, akatazama kwa muda. Aligusa mzinga mmoja kwa kidole kimoja. "Ni karatasi," akamwambia mwenzake aliye chini. Kisha akaifunika meli vizuri kuliko ilivyokuwa, akashuka, akafungua njia.

Tulipofika, mimi na dereva tuliishusha na kuiweka juu ya meza mbele ya baba. Jirani yetu aliacha kibanda chake akaja, akasimama mikono kiunoni. Sikumwambia baba ni nini. Niliishika mikono yake nikaiweka kwenye omo, mbele kabisa.

Vidole vikatembea. Kisha akaanza kutaja. "Omo. Nanga. Huu ni mzinga wa mbele." Alikwenda polepole, akapanda kwenye chumba cha usukani, akaugusa mlingoti, akashuka upande wa pili. "Rada. Mashua ya kuokolea." Alipofika kwenye tezi akashusha mkono chini ya maji, kama maji yangekuwapo, akaikuta rafadha, pangaboi la kusukuma meli, niliyoikata kwa manila. Akaizungusha. Ilizunguka.

"Ni yenyewe," akasema.

Machozi yalinilenga. Lakini mikono yake ilirudi ubavuni mwa meli, ikapapasa pale nilipochora milango kwa kalamu, ikapita juu yake bila kuikuta. Akapapasa tena.

"Mlango uko wapi?"

"Nimeuchora, apa. Haufunguki."

"Sasa mimi ninaingilia wapi?"

 Akaondoa mikono, akaiweka magotini.

"Ni nzuri sana, mwanangu," akasema kwa upole. "Hii ndiyo waliyoiona watu waliosimama gatini. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo. Kazi yangu ilikuwa chini, kwenye injini. Huku juu nilikuwa napita tu. Nilikaa baharini miaka yote ile na bahari yenyewe sikuiona sana."

Nilikwenda kulala nikiwa na uchungu, siwezi kuficha. Miezi yote ile, mnyororo ule, mbuzi yule, na ndani ya meli hapakuwa na kitu ila mbavu za katoni. Nilikuwa nimemjengea baba mahali ambapo hakuwahi kukaa. Nilikuwa na hasira naye kidogo pia, kwa kutosimulia. Ningejuaje?

Asubuhi nilimkuta ameamka kabla yangu. Alikuwa amejiburuta na kiti chake mpaka mezani, mkono mmoja umelala juu ya sitaha.

"Una kisu?" akauliza.

Nilikileta. Nilisita sana, rangi ile ilikuwa laini kama ganda la yai. Baba akaweka kidole ubavuni, nyuma kidogo ya katikati. "Anzia hapa. Njoo mpaka hapa. Ubandue wote." Nikakata. Ubavu ukatoka mzima, kama kifuniko cha sanduku, na mwanga ukaingia ndani.

Tangu siku hiyo tukaanza kujenga upya, kutoka ndani. Baba alisema, mimi nikakata. Injini mbili za dizeli, moja kushoto na moja kulia, na ujia mwembamba katikati ambao mtu mnene hapiti. Shafti zinazokwenda nyuma kwenye rafadha. Pampu. Ngazi ya chuma. Na mabomba, mabomba mengi kiasi kwamba siku ya pili nilimwambia nimechoka kuviringisha.

"Lete hapa," akasema.

Nikampa spoku na karatasi. Karatasi ya kwanza ilimtoka mkononi. Ya pili ikaviringika imelegea. Ya tatu ilikuwa bomba, imekazana na kunyooka kuliko zangu. Alilipitisha kati ya vidole, akalipeleka mwenyewe ndani ya meli, akalitafutia mahali pake, akalibandika.

Jirani alikuja na chai, akainama kuchungulia. "Mzee, hii bomba inaenda wapi?"

"Hilo linaleta maji ya bahari kupoza injini. Lile la juu ni la mafuta. Ukiyachanganya, mama, tunalala huko huko."

"Mimi nilipanda boti ya Nile," akasema jirani. "Kutoka Bor, wakati ya vita. Injini ilikufa katikati ya maji. Watu wote wanaomba Mungu."

Baba aligeuza uso kwake. "Fundi alifanya nini?"

"Sijui. Mimi nilikuwa naomba."

Baba akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa nimemsikia akicheka. Kisha akatusimulia jambo ambalo mimi, binti yake, sikuwahi kulisikia. Siku moja baharini, bahari ikiwa imechafuka, taa za chumba cha injini zilizimika zote, na injini moja ikasimama. Kulikuwa na giza la kutoona kiganja. Kurunzi iliyokuwepo ilidondoka ikavunjika. Yeye na mwenzake walifuata bomba la mafuta kwa mikono, kiungo kwa kiungo, meli ikiwarusha huku na huku, mpaka wakapata pale lilipolegea, wakakaza.

"Mliogopa, apa?"

"Tuliogopa. Lakini mikono ilikuwa inajua." Akaendelea kuviringisha karatasi aliyokuwa nayo.

Nilirudi kazini Lodwar nikamwachia gundi na karatasi. Safari zilizofuata nilikuta mambo yamebadilika. Alikuwa na fimbo, na kamba aliyofungiwa na jirani kutoka kibandani kwetu mpaka kibandani kwake. Aliifuata kila asubuhi kwenda kutafuta katoni, na huko alikaa akizungumza na wateja mpaka jua likawa kali. Watu wa mjini na wa kambini walianza kuja kuona manowari. Wengine walizungumza naye Kiturkana, wengine Kiarabu cha Juba ambacho hakukijua, naye akawajibu wote kwa Kiswahili chake cha Mombasa na kuipeleka mikono yao ndani.

Nta ya mishumaa haikuishinda mvua ya mwaka uliofuata. Kibanda kilivuja, sitaha ikavimba, mlingoti ukainama. Baba hakusikitika. Alisema meli zote hurudishwa kwa matengenezo, akaniagiza manila.

Mara ya mwisho nilipokwenda, jirani alikuwa ameleta jambo lake. Alisema meli haina watu, na meli bila watu ni maiti. Alikuwa ameketi amekunja mabaharia kwa karatasi za pakiti za majani ya chai, wadogo, wembamba, warefu kama watu wa kwao. Baba aliwapokea mmoja mmoja na kuwaweka mahali pao. Mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye mzinga, wawili kwenye injini. Mmoja akambandika katikati ya ngazi.

"Wewe ni yupi, apa?" nikamwuliza. "Mmoja wa hawa wa injini?"

"Hapana. Mimi ni huyu wa ngazini," akasema, akiliweka sawa bega la yule baharia kwa ncha ya ukucha. "Amemaliza zamu. Anapanda juu kunywa chai."