Jipu la Ini la Mama Mkwe

Majipu ya ini nimeyatoa usaha mengi pale Kitale, lakini lililonitoa jasho ni la mama mkwe wangu.

Alikuwa mkulima wa Matulo. Homa ilimtetemesha wiki tatu. Huko Bungoma wakamtibu malaria, ikatulia siku mbili, ikarudi. Mke wangu alipomleta hospitalini kwetu, alikuwa ameshika mbavu za kulia na macho yamekuwa manjano. Picha ikaonyesha jipu kubwa ndani ya ini. Likipasukia tumboni, tunampoteza. Na mwenzangu wa pekee aliyejua kulinyonya kwa sindano alikuwa masomoni Nairobi.

Shida ni kwamba kwa Wabukusu, kabila la mke wangu, mtu na mama mkwe wake hawagusani, hata mkono hawapeani. Mimi Mkikuyu wa Moi's Bridge nilifundishwa hayo tangu siku ya mahari, nikayaheshimu miaka sita.

"Ati mkwe aone tumbo yangu?" alimwambia mke wangu, mimi nikiwa mlangoni nimekodolea sakafu macho. "Afadhali nikufe."

Nilikasirika, sifichi. Nilitoka nikaipiga teke ndoo ya kupigia deki. Muuguzi mmoja, mama wa makamo kutoka Bungoma, akanitazama akacheka.

"Daktari, si ujifunike tu, bana?"

Akanivalisha kofia, barakoa na glavu mbili mbili. Akamfunika mama mkwe shuka la kijani lenye tundu dogo ubavuni, akamgeuza uso ukutani.

"Mama, daktari mgeni amefika," akasema.

Nilifanya kazi bila kufungua mdomo. Nikitaka mgonjwa azuie pumzi, nilimkonyeza muuguzi, naye akasema. Mama alijua. Sote tulijua. Usaha wa kahawia ukaja, bomba baada ya bomba, ukanuka chumba kizima, nami nilitamani kuimba.

Siku ya tatu homa ikashuka. Alipomaliza dawa zake, wiki nyingi baadaye, tulienda Matulo kumsalimia. Mimi nilikaa sebuleni, yeye jikoni, kama desturi. Nikamsikia akimwambia mke wangu kwa sauti ya kufika barabarani:

"Huyu mkwe yangu ako na heshima, hajawahi nigusa hata kidole. Lakini ule daktari mgeni wenu, mpelekee hii kuku. Mwambie nimepona."

Nilimpakata huyo kuku mpaka Kitale, machozi ya furaha yakinitoka, na mke wangu akanicheka njia nzima.