Kijiko cha Mpini Mnene

Juzi nilikuwa nachagua sufuria kwenye duka la vyombo hapa sokoni Bariadi, akaingia mama mmoja amemshika mumewe mkono. Mzee aliwahi kupigwa na kiharusi, mkono wa kulia unatetemeka. Mama akamwambia muuzaji bila kuficha: "Tangu augue hali chakula na wanaume wenzake. Namlisha mimi, ndani, mlango tumefunga."

Muuzaji akatoa kijiko cha kisasa, kizito, kimechimbika ndani, kina mpini mnene kama gunzi. Bei yake ni kama ya soda tu.

"Tujaribu kwanza," mama akasema.

"Mayu," muuzaji akamwita mama kwa Kisukuma, "kikiingia mdomoni umenunua."

"Basi nimenunua! Lete maji nikioshe."

Mama akakiosha, akavuka barabara kwa mama lishe, akarudi na sahani ya wali na maharage. Mzee akanung'unika, "Kijiko ni cha watoto." Lakini akakishika. Mkono ulitetemeka vilevile, ila wali ukafika mdomoni wote.

Akachota tena. Mama akanyoosha khanga amfute kidevu.

"Niache, mama," mzee akasema. "Waambie vijana jioni waniwekee kigoda pale wanaume wanapokula."

Watu wanarusha vyombo mpaka mwezini, tunaambiwa tushangae. Mimi nimemshangaa huyo asiyejulikana, aliyekaa chini akaufikiria mpini wa kijiko mpaka mzee wa watu akatoka chumbani.