Damu Yangu na Jiko la Mke Wangu

Nililala siku waliyokuja kumposa binti yangu. Sisemi nilisinzia. Nililala, kichwa kimeanguka nyuma na mdomo wazi, mbele ya wakwe, mchungaji na kwaya nzima, katika ukumbi wa chini ya kanisa letu hapa Columbus. Wanasema nilikoroma. Mimi sikujisikia, lakini video ipo, na nina hakika imeshafika kwa watu wasionijua.

Wakwe walikuwa wametoka Louisville tangu alfajiri. Sisi tuliotoka milima ya Kivu ya Kusini, posa kwetu ni maneno. Msemaji wao husimama akamsifu ng'ombe anayemleta, rangi yake, pembe zake, namna anavyoingia mtoni, ingawa ukumbini hakuna hata kwato moja na nje yamepangwa magari tu. Msemaji wetu humjibu, humpinga kidogo, humtania. Baba wa binti hasemi kitu. Kazi yake ni kukaa wima hadi mwisho, msemaji wake atakapomgeukia na kumwuliza, "Mzee, tubape?" yaani tuwape binti? Naye hujibu, "Mubape." Basi. Neno hilo tu ndilo nililodaiwa siku ile.

Msemaji wetu alikuwa kaka yangu mkubwa, aliyesafiri kutoka Buffalo kwa ajili hiyo. Aliponiuliza, nikawa kimya, na watu wakacheka wakidhani nawatania wakwe. Akauliza tena. Kicheko kikaisha. Kwa desturi yetu baba akinyamaza hapo, amekataa. Baba akilala haikujulikana maana yake ni nini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo, kwa hiyo kila mtu akachagua maana mbaya kuliko zote. Mke wangu alinifinya paja. Nikashtuka, nikasema kwa sauti kubwa, "Amina!"

Msemaji wa Louisville alifunga kifungo cha koti lake. "Tumeona," akasema. "Tutarudi siku mzee atapata nafasi ya kutusikiliza." Waliacha soda zao nusu chupa wakatoka. Binti yangu alibaki amesimama karibu na ngazi, amepambwa tangu kichwani hadi miguuni, akinitazama. Hakulia. Afadhali angelia.

Uchovu ule haukuanza siku ile. Nafanya kazi ya usiku kwenye ghala la bidhaa, kushusha masanduku na kuyapanga, na kwa muda mrefu nilikuwa nikirudi asubuhi kama mtu aliyepigwa. Nikilala, naamka nimechoka zaidi. Nyayo zilikuwa zikinichoma, ulimi ukiniwasha, na kuna wakati niliegesha gari nje ya duka la Waafrika pale Morse Road nikashindwa kukumbuka nimekuja kununua nini. Kwanza nilisema ni uzee. Halafu nikasema ni shetani, watu wakanifanyia maombi, nikasinzia katikati ya maombi.

Mke wangu yeye hufanya kazi ya mchana katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku nzima anawalisha kwa kijiko wazazi wa watu wengine. Mimi nikiingia, yeye anatoka, na huenda wiki ikapita tukikutana mlangoni tu, mmoja akivaa viatu na mwingine akivua. Lakini juu ya jiko hakukosi sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, na chini yake chakula bado kina joto. Nawaomba mkumbuke sahani hiyo, kwa sababu mimi kuna siku niliisahau.

Lipo jambo jingine, ambalo nje ya nyumba yetu halikupaswa kujulikana. Nina ugonjwa wa sukari, na nimekuwa nikitumia vidonge vyake kwa miaka. Kichupa nilikificha ndani ya kopo la majani ya chai ili mgeni asikione. Wakwe huulizia magonjwa ya ukoo kama wanavyoulizia tabia, na mimi nina mabinti.

Baada ya aibu ile ya ukumbini, binti yangu, ambaye anasomea uuguzi, hakuniuliza kama nataka kwenda kwa daktari. Alichukua funguo za gari, akaniambia, "Baba, ingia." Daktari alisikiliza habari za uchovu, nyayo na ulimi, akasema nirudi nitolewe damu waangalie madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D na tezi ya shingo.

Hapo nikaingiwa na hofu ya zamani. Katika kambi ya wakimbizi, kabla ya kupanda ndege kuja huku, tulipimwa damu, na mtu aliyekutwa na kitu kwenye damu yake alibaki akiwapungia wenzake mkono. Tangu hapo, kupimwa damu kwangu ni mtihani, na mtihani hufanyiwa maandalizi. Nilikula maini kila siku. Nilikunywa maziwa kwa jagi. Binti yangu alinikuta jikoni, sharubu zangu nyeupe kwa maziwa, akauliza nafanya nini. Nikamwambia najiandaa. "Dad," akasema, "it's not an exam," akaondoka akitikisa kichwa.

Majibu nilipewa kupitia mkalimani wa simu, mwanaume mwenye Kiswahili safi kama cha taarifa ya habari. "Mzee, daktari anasema madini ya chuma hayana tatizo na tezi iko sawa. Lakini una upungufu mkubwa wa vitamini B12, na vitamini D nayo iko chini."

Upungufu. Neno hilo mara ya mwisho nililisikia kambini, wakisemwa watoto waliokuwa wakining'inizwa kwenye mizani, mbavu nje. Nilisikia uso ukiwaka. Mimi mtoto wa wafugaji, niliyelelewa kwa maziwa, na mke wangu wa ukoo ambao milimani haukumruhusu mgeni kutoka bila kunywa, leo niambiwe nina upungufu! "Mwambie daktari mimi nakula," nikamwambia mkalimani kwa hasira. "Mwambie nyumbani kwangu kunapikwa!"

Daktari hakukasirika. Alieleza polepole. Hizo dawa za sukari, mtu akizitumia kwa miaka, zinaweza kuuzuia mwili usiichukue B12 iliyo ndani ya chakula. Vitamini D, hiyo ni kwa kuwa usiku nafanya kazi na mchana nalala na mapazia yamefungwa, jua naliona kwenye maegesho tu. Ningechomwa sindano kwa muda, kisha ningeendelea na vidonge. Dawa ya sukari nisiiache. Halafu akauliza nakula nini, nikamtajia, na mkalimani akanirudishia jibu: "Anasema chakula chako ni kizuri. Tatizo si chakula."

Nilisikia vizuri sana. Simu haikukatika, wala mkalimani hakukosea.

Iliyobaki ilikuwa kuwaomba radhi wakwe, na kwa hilo nilimhitaji kaka. Jambo kama hilo hulipeleki kwa simu, unalipeleka kwa miguu. Nikaenda Buffalo, hadi nyumbani kwake mtaa wa Riverside, karibu na mto. Alinifungulia mlango bila kunikaribisha kiti. Shemeji ndiye aliyeniwekea chai na kunionea huruma. Nikamweleza kaka yote, pamoja na sukari, ambayo hata yeye nilikuwa nimemficha.

"Bon," akasema. "Tuende Louisville."

"Lakini batu ba binti habaendake kubembeleza," nikasema.

"Na batu ba binti habalalake ku posa," akajibu. Akaendelea, "Vitamini, utaje. Ile haileti haya. Lakini sukari, hapana. Uko na basichana bengine nyuma. Nani atakuja kuposa mu nyumba ya magonjwa?"

Nilimkubalia haraka mno. Nilifurahi kupewa ruhusa na mkubwa ya kuficha nilichokuwa nataka kukificha mwenyewe.

Tulikwenda Louisville mimi, mke wangu na kaka. Wazazi wa kijana walitupokea kwa heshima, wakatuketisha kwenye makochi, wakaleta chai na sambusa. Baba wa kijana alisubiri tumalize vikombe, akauliza kwa upole, "Mzee, ile siku kulikuwa nini?"

Nikajibu kama tulivyopanga. Nikasema nilikuwa mgonjwa bila kujua, daktari amenipima damu, amekuta nimekosa vitamini, na ndiyo iliyoniangusha. Niliomba msamaha. Nikasema nimeshaanza sindano. Baba wa kijana akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaanza kupumua.

Pembeni alikuwa ameketi shangazi yake kijana, mama mwenye ulimi mwepesi. "Vitamini?" akauliza. "Vitamini si iko mu chakula? Kwani kwako habapikake?"

Sebule nzima ikamgeukia mke wangu.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, nimeshalipewa na daktari kwa Kiswahili safi. Ningesema ni dawa ya sukari, na mke wangu angeinua uso wake. Nilifungua mdomo. Nikamwona kaka ananikazia macho. Nikawafikiria mabinti walio nyuma, au angalau hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilijifikiria mimi, nikiitwa mgonjwa wa sukari aliyelala kwenye posa. Nikafunga mdomo, nikainamia zulia.

Mke wangu akatua kikombe chake. "Ni mimi, mama," akamwambia shangazi. "Natokaka ku kazi nimechoka, napika mbio mbio. Bwana anakulaka vile anapata. Munisamehe."

Alisema hayo bila kunitazama. Mwanamke ambaye hajawahi kuniacha nilale na njaa, hata kambini tulipokuwa tukigawana kikombe cha uji na yeye akidai ameshashiba. Shangazi aliguna. Kaka alikohoa, akarukia mambo ya posa, maneno yakaanza kuchangamka, ng'ombe wakasifiwa upya, na mwisho kaka akanigeukia kuniuliza, tuwape? "Mubape," nikasema, na wote wakapiga makofi na kucheka kwamba leo mzee yuko macho. Nilicheka nao. Hicho kicheko changu ndicho ninachokikumbuka kwa uchungu kuliko kukoroma kote.

Tulipokuwa tunaondoka, mama wa kijana alileta sanduku la plastiki, lile ambalo watu hubebea barafu na soda, limejaa chakula. Alilikabidhi mikononi mwa mke wangu. Kwa watu wetu hakuna haja ya kueleza maana yake: unampa chakula mwanamke mwenye jiko, mbele ya mume wake, baada ya kuambiwa kwamba hajui kulisha. Mke wangu alipiga goti kidogo, akashukuru, akalibeba mwenyewe hadi kwenye gari. Nilitaka kumpokea, akanipita.

Njia nzima kurudi Columbus mke wangu alitazama nje ya dirisha. Kaka alilala kiti cha nyuma, na mara hii sikuwa na usingizi hata chembe. Mara kadhaa nilianza, "Mama watoto..." Naye akajibu, "Angalia barabara."

Nyumbani aliweka sanduku juu ya meza ya jikoni, akampigia mama wa kijana kumshukuru kama adabu inavyotaka. Aliweka simu mezani na sauti ya nje imewashwa ili mikono yake ipate kutoa vyombo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Asante sana kwa chakula, mama," akasema.

"Aka, haiko kitu," ikajibu sauti ya Louisville. "Mwambie mzee akule bila woga. Sukari hatukutia, hata mu chai ya chupa. Ugali ni ya ulezi, nilipima kidogo. Samaki sikukaanga. Bwana yangu naye anakulaka vile vile, iko na sukari miaka mingi."

Mikono ya mke wangu ilisimama juu ya bakuli. "Nani alibaambia?"

"Binti yenu. Alituambiaka zamani, mbele ya posa kuanza. Alisema hataki kuingia kwetu na siri. Njo maana tulimupenda." Kisha sauti ikashuka. "Ile shangazi hakujua, umusamehe. Sisi tulijua. Tulikuwa tunangoja mzee aseme yeye mwenyewe. Tuliona vile ulimubeba, mama. Tuliona."

Waliagana. Nikaelewa kwamba sebuleni Louisville, wakati nimeinamia zulia nikidhani naficha kitu, baba na mama wa kijana walikuwa wakinitazama, wakihesabu moyoni ni muda gani nitamwacha mke wangu ndani ya maneno yale. Na nilimwacha hadi mwisho. Binti yangu, ambaye nilidai namlinda, alikuwa amekwisha kulisema jambo hilo bila kutetemeka.

Nilikaa mezani, na hapo hapakuwa na vitamini ya kusingizia. "Mama watoto," nikasema, "nilipaswa kusema. Daktari aliniambia tatizo si chakula. Nilijua. Nimekuaibisha, na nimeona haya."

Mke wangu alichukua sahani, akapakua ugali wa ulezi, samaki na mboga, akaiweka mbele yangu. Akavuta kiti, akaketi upande wa pili, akakunja mikono.

"Kula," akasema. "Basiseme tena kama sikulishake."