Baliombea Shingo Yenye Haigonjwe

Mie nauzisha bikwembe, bitambaa bya kujifunga kiunoni, hapa Butembo. Damu ilikuwa inanitoka ovyo, infirmière, muuguzi wa hospitali, akanipima: "Ni polipe, kanyama kadogo ku shingo ya kizazi. Hapana kansa. Tutakakata, tukatoshe."

Juu nilisikia haya kutaja kizazi, nikaambia mama mukwe: "Niko na kauvimbe ku shingo." Akaita bamama ba kanisa, bakanipaka mafuta ku shingo, bakaomba.

Kisha infirmière kukatosha, siku ya Mungu, ku kanisa, pasteri akaniita mbele: "Mama, tosha kitambaa ku shingo, batu baone vile shingo imepona!"

Nikakamata micro ya kusemea. "Pasteri, ni shingo ya kizazi, iko chini ya kikwembe! Imepona, lakini sitaionyesha mutu. Banamuke benye kutokwa damu ovyo, muende kwa munganga wa hospitali!"

Mama mukwe akafunika uso. Mie, hapana.