Kamera ya Nne ya Mugeta

Eliud Masatu hakuwa na kawaida ya kuuza kamera kabla ya kuuliza swali moja. Mteja akiingia dukani kwetu Musoma, nyuma ya soko, akasema anataka kamera nne, Eliud hakugeukia rafu. Alimuuliza kwanza, "Unataka kumwona nani, na akiwa anafanya nini?"

Wengine walicheka. Mama mmoja muuza sangara alimjibu, "Nataka kumwona mwizi akiwa anaiba. Kwani ulidhani nataka kumwona mume wangu akisali?"

Eliud naye alicheka, lakini aliandika jibu lile kwenye kikaratasi, na ndilo lililochagua kila kitu. Lenzi fupi huona ua mzima ila sura za watu huwa ndogo kama punje. Lenzi ndefu huona sura vizuri, lakini mlango mmoja tu. Baada ya lenzi alichagua waya. Alitaka wa shaba tupu, kwa sababu kwenye kamera hizi umeme na picha hupita waya mmoja, na waya wa bei rahisi hukata picha mvua ya kwanza tu. Chini ya kila kamera alifunga kiboksi cha kufichia viungio. Kabla ya kutoboa ukuta alipanda ngazi, akaweka kichwa mahali kamera itakapokaa, akafumba jicho moja na kutazama kwa dakika nzima.

Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja. Nilishika ngazi, nilivuta waya, na niliandika kwenye daftari mita zilizotumika, mita zilizobaki, na kila kamera inatazama wapi.

Eliud alizaliwa Butiama. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, akalelewa na babu aliyeshika sana mambo ya heshima. Kubwa alilomfundisha ni kwamba mama mkwe hatazamwi. Ukikutana naye njiani unampisha, unaangalia pembeni, na kama una neno unamtuma mtu. Vijana wengi wa rika letu wameyaacha hayo. Eliud hakuyaacha. Alipomuoa Nyangi wa Mugeta, mimi nikiwa msimamizi wake, alimaliza sherehe nzima bila kuinua macho kwenye meza ya wakwe. Waliishi Buhare, hapahapa Musoma, na binti yao, Gloria.

Mama yake Nyangi, Bibi Gati, alibaki peke yake kijijini Mugeta baada ya mumewe kufariki. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, mbwa mmoja na presha. Nyangi alimsihi ahamie Buhare. "Na ng'ombe niwaweke sebuleni?" alijibu. Mwaka 2022, mwezi wa tano, alianguka njiani akitoka kisimani, akainuliwa na majirani. Wiki hiyohiyo ng'ombe wawili waliibwa. Chacha, kaka yake Nyangi aliyeko Mwanza, alisema zifungwe kamera na gharama ni juu yake.

Nyangi alikuja dukani mwenyewe, akasimama mbele ya kaunta kama mteja.

"Haya, niulize swali lako."

"Unataka kumwona nani, Mama Gloria?"

"Chacha anataka kuona ng'ombe. Mimi nataka kumwona mama. Nikiamka asubuhi nimwone amesimama, mchana nimwone yuko jikoni kwake, basi. Sitaki kingine."

Eliud aliandika. Kikaratasi hicho ninacho hadi leo: mama, jikoni, mchana.

Mwezi wa sita tulienda Mugeta. Tulipeleka kamera nne, ruta ya kuweka laini ya simu, mashine ya kurekodia, na betri ya akiba kwa siku ambazo umeme unakatika. Kamera ya kwanza tuliifunga getini, ya pili zizini, ya tatu barazani. Ya nne ilikaa nyuma ya nyumba kubwa, chini ya paa, ikitazama banda la jiko. Huko ndiko Bibi Gati alikoshinda kutwa.

Eliud alikuwa juu ya ngazi, bibi alikuwa jikoni kwake, na mazungumzo yao yalipita kwangu ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake.

"Boniphace, mwambie mkwe wangu hicho kitu kisinioneshe nikiwa napiga miayo."

"Mama anasema kisimwoneshe akipiga miayo," nilisema.

"Mwambie mama kinaona kila kitu, na miayo pia."

"Basi Nyangi atashiba miayo. Siku hizi nimekuwaga mvivu sana. Na umwambie huyo aangalie hiyo ngazi. Akivunjika kiuno mwanangu atamrudisha kwangu, na mimi wanaume wabovu sipokei."

Eliud alicheka huko juu. Kisha alifungua simu kuangalia picha.

Picha ilitoka safi. Bibi Gati alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, kanga imemdondoka begani, anachambua udaga wa muhogo kwenye ungo kama mtu anavyokaa kwake. Eliud alitazama labda sekunde mbili. Akaigeuza simu kifudifudi kwenye kidato cha ngazi.

"Siwezi, Boniphace."

"Huwezi nini? Mbona picha nzuri?"

"Nitakuwa namwangalia mama mkwe jikoni kwake."

"Si umpe Nyangi peke yake nywila?"

"Na ikisumbua, nitaipima kwa macho ya nani?"

Tuliifungua, tukaihamishia zizini, upande wa pili. Niliandika: kamera ya nne, zizi, kusini. Waya uliobaki, mita thelathini na nane.

Nyumbani alimwambia Nyangi kwamba waya uliisha, na kwamba angerudi na mwingine. Kila alipoulizwa alijibu wiki ijayo. Tulifunga kamera kanisani Buhare, tukafunga kwenye stoo ya dagaa Kiriba, tukafika Bunda, kwenye njia ya Mugeta, mara tatu. Mugeta hatukwenda. Ikapita miezi minane. Nyangi aliridhika na ile ya baraza. Kila asubuhi mama alipita hapo, na siku nyingine alipunga mkono kuelekea kwenye kamera.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Bibi Gati alipita barazani na ungo wake akielekea nyuma. Nyangi alimwona, akaenda zake sokoni. Jioni alifungua tena simu. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini na Werema, jirani aliyewachunga. Akawahesabu, wote tisa. Akajua nyumbani kwao ni kwema.

Kesho yake asubuhi Dafroza, mke wa Werema, alikwenda kuchukua maziwa akamkuta bibi chini, kati ya jiko na stoo ya kuni. Alikuwa bado anapumua. Alifikishwa hospitali Bunda, akafariki Alhamisi. Daktari alisema alikaa chini muda mrefu mno.

Baada ya mazishi Eliud aliirudisha rekodi ya Jumanne nyuma, akaitazama yote, mimi nimekaa pembeni yake. Bibi anapita na ungo, anatoka kwenye picha. Mbwa anamfuata, na baada ya muda anarudi hadi kona ya baraza. Analala hapo, kichwa amekielekeza upande ambao kamera haifiki. Alilala hivyo kutwa nzima. Watu wawili walipita barabarani nje ya geti, na kila mara mbwa alinyanyuka, akabweka, akarudi kulala vilevile.

Siku ya tatu baada ya mazishi, tukiwa bado Mugeta, Nyangi aliniita kwenye tangi la maji.

"Shemeji, wewe unaandikaga kila kitu. Waya uliisha kweli?"

Daftari lilikuwa kwenye begi langu. "Muulize Baba Gloria," nilisema.

Nilimfuata Eliud, nikamfungulia ukurasa. "Nimeulizwa," nikamwambia. Alisoma, akalichukua daftari, akampelekea mkewe kwa mkono wake. Nyangi alisoma mstari ule akisogeza kidole.

"Mita thelathini na nane. Na kwenda jikoni ni ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Kwa nini?"

"Nilimwona amekaa. Nikaona aibu. Ni mama mkwe wangu."

Nyangi alilifunga daftari. Aliposema, sauti yake haikupanda.

"Mama alikuwa anakucheka, unajua? Alisema mkwe wangu akiniona anaangalia nyasi utadhani kadondosha sindano. Miaka yote alikuwa anangoja uache. Alitaka uje ukae jikoni ule, azungumze na wewe."

Nyangi alimrudishia daftari.

"Irudishe."

"Nini?"

"Ile ya nne. Irudishe pale ulipoitoa."

Alipanda ngazi siku ileile, waombolezaji wakiwa bado uani. Mimi nilishika chini. Alipofungua simu kupima picha, aliitazama muda mrefu. Kulikuwa na kigoda, jivu, na ungo ambao mtu alikuwa ameuokota na kuuegemeza ukutani. Niliandika: kamera ya nne, jiko. Waya uliobaki, mita kumi na sita.

Siku hizi mteja akiingia dukani akataka kamera nne, Eliud anageukia rafu na kumpa nne. Haulizi.

Nyangi bado anafungua picha ya jiko kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Hakuna cha kuona isipokuwa kuku wa Dafroza, na majani ambayo yameanza kuota mlangoni. Wiki iliyopita picha ilikuwa na ukungu. Buibui alikuwa ametanda utando mbele ya lenzi. Nyangi alimwambia mumewe wakiwa wanakunywa chai. Eliud aliacha kikombe mezani, akapanda basi la Bunda asubuhi hiyohiyo, akafika Mugeta peke yake, akaomba ngazi kwa Werema, na kuufuta utando.