Faini Kutoka Ng'ambo ya Mpaka

Miaka ishirini na saba nimeendesha gari na hakuna kamera hata moja iliyowahi kunipiga picha. Jambo hilo nilikuwa nikimweleza kila aliyepata bahati mbaya ya kukaa karibu nami, kwenye harusi, kwenye hitima, hata kwenye foleni ya mkate. Wengine walikuwa wakinisifu, wengine wakiangalia saa. Mimi niliendelea tu. Barabara za hapa zimejaa watu waliozaliwa na haraka, na mimi nilijiona ndiye peke yangu niliyelelewa.

Basi Jumapili moja nimekaa nyumbani kwetu Nizwa na simu mkononi, nahuisha mulkiya, ile hati ya gari, iliyokuwa inakwisha siku hiyo hiyo. Simu ikanijibu kwamba haiwezekani mpaka nimalize kwanza faini ya kwenda mbio. Nilicheka peke yangu. Nikafungua, nikasoma, kicheko kikakatika. Faini yenyewe haikuwa hata ya hapa nchini. Ilitoka ng'ambo ya mpaka, kwa majirani zetu, kwenye barabara ambayo sijaikanyaga tangu nilipokwenda kununua samani za harusi ya mdogo wangu. Namba ya gari ni yangu, jina ni langu. Tarehe nayo niliijua vizuri, kwa sababu siku hiyo nilikuwa Maskati kwenye semina ya walimu, kutoka alfajiri mpaka magharibi, nikimsikiliza kijana mdogo akinifundisha kazi niliyoifanya kabla hajazaliwa.

Na gari siku hiyo nilikuwa nimemwazima shemeji yangu.

Huyu ni mume wa mdogo wangu. Wazee wake walikuja kutoka Tabora, na sisi watu wa Unguja tuna ugonjwa wetu wa kuwaona watu wa bara kama wageni waliokosea nyumba. Mimi ugonjwa huo ninao, sikatai. Anafanya biashara ya mahema ya kambi za watalii kule Bidiya, na analo gari lake la kupandia michanga, refu, ambalo mtu lazima ajivute mpaka aingie. Siku ile aliniambia gari lake liko gereji na anataka langu aende Izki kufuata matairi. Izki ni hapo tu, nusu saa. Nikampa ufunguo pamoja na mawaidha marefu.

Ingekuwa wiki nyingine ningeweza kugombana naye kwa raha zangu. Lakini wiki ile tulikuwa na safari. Mama yangu alikuwa na shoga yake huko Sur, wamekua mtaa mmoja Unguja, wamesuka ukili ukumbi mmoja, wameyakimbia mapinduzi mwaka mmoja, na wakaja kuolewa huku mbalimbali. Wote wawili wanakaribia miaka themanini. Shoga yake alikuwa ameamua kurudi Unguja kwa wajukuu, moja kwa moja, na ndege yake ilikuwa Jumatano jioni. Hakuna aliyelisema, lakini kila mtu alijua kwamba hawa hawataonana tena duniani. Mama aliniomba kitu kimoja tu, nimfikishe Sur kabla ya Jumatano. Mimi nilishaomba ruhusa skuli, tuondoke Jumatatu asubuhi. Na lazima liwe gari langu, kwa sababu ni la chini na magoti ya mama hayapandi tena popote.

Nikampigia shemeji aje. Akaja, akavua viatu mlangoni kwa adabu zote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ulikwenda wapi na gari langu?"

"Izki, dada. Si nilikwambia, matairi."

Nikamwonesha simu. Akasoma polepole, kisha akamtazama mama, aliyekuwa kwenye mkeka anachagua mchele. Mama hakuinua kichwa.

"Kamera za kule zinakosea sana," akasema.

"Zinakosea! Mtu anakwenda Izki, anapigwa picha nchi nyingine?"

"Nitalipa mimi, dada. Nipe hiyo namba, nilipe sasa hivi, yaishe."

"Pesa yako sitaki. Nataka useme ulikwenda wapi."

"Izki."

"Basi kula yamini."

Akasema, "Kwa mambo ya kamera mimi siapi, dada."

Mama akasema bila kuangalia mtu, "Lipa tu, mwanangu. Twende zetu Sur."

Ningelipa wakati ule ule, ni kazi ya dakika mbili. Nilikuwa nazo pesa, na aliyekosa alikuwa mbele yangu anazinyoosha zake. Lakini mimi nilitaka haki yangu, na haki yangu niliipenda kuliko kitu chochote ndani ya chumba kile. Nilitaka mtu yule, mwenye gari la kuruka michanga na matairi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, aseme kwa mdomo wake kwamba ni mwongo. Alipoondoka nikamwambia mdogo wangu kwa simu kwamba mumewe ana mke mwengine huko ng'ambo, na ajiandae.

Mdogo wangu akasema, "Dada, lipa tu, wallahi." Nikamwona mpumbavu aliyefunikwa macho.

Usiku huo nikaandika pingamizi. Niliandika Kiarabu cha kupendeza, kwamba mimi ni mwalimu, kwamba tarehe hiyo nilikuwa mahali fulani na mashahidi arobaini, na kwamba naomba nitumiwe picha. Picha ndiyo niliyoitaka hasa. Nilishajiona naiweka mbele ya ukoo mzima.

Jumatatu jibu halikuja, na gari lisilo na mulkiya mimi siendeshi. Jirani akasema watu wote wanaendesha hivyo hivyo siku mbili tatu, nani atajua. Nikamwambia ndiyo maana nchi zinaharibika. Binamu yangu, ambaye hajawahi kufanya jambo lolote bila kumjua mtu, akasema anamjua mtu anayemjua mkubwa mmoja huko, nimwachie yeye faini itafutika. Nikamkatalia kwa dharau kubwa. Shemeji akapiga simu kusema atampeleka mama Sur kwa gari lake, atambeba mwenyewe kumpandisha, kwani si mama yake pia. Huyo nikamjibu kwamba mama yangu habebwi na mtu asiyejua Izki iko wapi.

Jumanne asubuhi mama alikuwa ameshavaa. Amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba uko mapajani.

"Leo twenda?"

"Kesho, mama. Nasubiri jibu lao."

"Kesho ndiyo Jumatano."

"Ndege ni jioni. Tutawahi."

Alikaa kwenye kiti kile mpaka adhuhuri, ndipo akainuka kwa kushika ukuta akaenda kuvua buibui. Mimi nilimwona. Nilimwona vizuri, na bado nikarudi kwenye simu kutazama kama wameandika.

Waliandika Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi. Pingamizi limekataliwa. Picha hii hapa.

Nilikaa kitako kuifungua kama mtu anayefungua zawadi. Gari langu, safi, hata namba yasomeka. Nyuma ya usukani ni shemeji, mikono miwili imeshika, uso wa mtu anayejua anafanya kosa. Na kiti cha pembeni alikuwapo mwanamke, kama nilivyosema. Mwanamke mwenye buibui, ameshika mshikio wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili, mdomo wazi, anasema kitu.

Hakuna mwengine ashikaye mshikio ule kwa mikono miwili. Mara zote huwa namwambia atauvunja.

Nikaenda chumbani kwake. Alikuwa juu ya msala, amemaliza kusali dhuha. Nikamuwekea simu mbele. Alitafuta miwani, akaivaa, akaangalia bila kushtuka.

"Nimetoka vibaya," akasema.

"Mama, siku ile si ulishinda kwa mdogo wangu?"

Alipandisha suruali yake mpaka juu ya goti. Kulikuwa na alama tatu za mviringo, ngozi changa, ya waridi, zimepangwa kuzunguka goti. Akapandisha na upande wa pili. Nilijua ni nini mara moja, kila mtu wa hapa anajua. Huko ng'ambo yuko mzee anayetibu kwa chuma cha moto. Mwaka mzima mama alikuwa akinitajia habari zake, na mwaka mzima nilikuwa nikimwambia kwamba huo ni ushamba, kwamba madaktari wapo, na kwamba siku atakayochomwa na mtu, mimi simuuguzi.

"Uliniambia hutoniuguza," akasema.

"Yale maneno ya hasira tu, mama."

"Mimi niliyasikia kama ulivyoyasema."

Akashusha suruali, akaipangusa magotini. Akanieleza kwamba yeye ndiye aliyemwomba shemeji, na yeye ndiye aliyemwambia aseme Izki. Gari la shemeji lilikuwa zima, halikuwa gereji hata siku moja, ila yeye mama asingeweza kulipanda kwa njia ndefu. Na kurudi, shemeji alikuwa akienda taratibu. "Kila mara aniambia, mama, hapa pana kamera. Namwambia, yallah, kanyaga, yule akirudi kutoka Maskati akanikuta sipo ataninyoa kwa maneno."

Yule ni mimi.

Nilikwenda jikoni kulipa. Dakika mbili, kama nilivyosema. Mulkiya mpya ikatokea papo hapo. Sitasema nilikuwa na hasira, maana hasira naijua vizuri. Niliona haya. Mdogo wangu alijua, mumewe alijua, nyumba nzima ilikuwa ikitembea kwa ncha za vidole kunizunguka, na mimi nikidhani ni heshima.

Nikapiga simu Sur. Binti wa yule shoga yake akasema gari la uwanja wa ndege limeambiwa saa saba mchana, halitangoja, njia ya Maskati ni ndefu. Tukatoka Nizwa saa tatu na nusu. Nikapiga hesabu, na mimi ndiyo kazi yangu kufundisha hesabu. Nikienda mwendo unaoruhusiwa, tunafika na dakika chache juu.

Mwendo unaoruhusiwa pale ni mia na ishirini. Mimi huenda mia.

"Kaza kidogo," mama akasema tulipoipita Izki.

"Nimekaza, mama."

"Mshale haukusogea. Shemeji yako aliniambia njia kubwa hii inaruhusiwa mia na ishirini."

Tulipokuwa Ibra nilijaribu. Nilifika mia na tano, nikaona kila mlingoti una kamera, nikarudi mia. Malori yakatupita. Basi la wanafunzi likatupita, watoto wakatupungia mkono. Tulipofika Bidiya binti yule akapiga, gari limeshafika, dereva anapakia masanduku, mko wapi? Nikamwambia tuko karibu. Nikauambia mguu wangu ukanyage. Haukukanyaga. Miaka ishirini na saba niliufundisha majivuno, na siku nilipouhitaji kwa kazi nyingine haukujua. Mama alishika mshikio wa mlango kwa mikono miwili, akatazama mbele, na hakuniambia tena nikaze.

Tuliingia Sur saa saba na dakika arobaini. Mlangoni alikuwapo mke wa mtoto wa yule bibi, ana fagio mkononi. Akalibusu bega la mama, akaanza kulia kabla hajasema. Wameondoka sasa hivi, robo saa tu. Bibi alikaa ndani ya gari mlango wazi, mguu mmoja chini, akikataa kuufunga, mpaka dereva akamwambia ataikosa ndege.

Nikasema, "Tuwafuate, mama. Tutawakuta njiani."

Mama akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Kwa mwendo wako?"

Tukaingia ndani. Alikaa kwenye godoro la shoga yake, ambalo lilikuwa limeshatolewa shuka, na nikampigia yule binti kwenye lile gari, nikamshikisha mama sikioni. Wote wawili masikio yamekwisha. Wakapiga kelele, huyu huku na yule kule, kila mmoja akiuliza "Nani?" Halafu nikasikia sauti ya upande wa pili ikiuliza habari za magoti, na mama akajibu kwa sauti ya kuchangamka kwamba yamepona, alhamdulillahi, sasa anatembea kama msichana. Mtandao ukakatika kwenye milima ya pwani. Nikapiga tena, haukushika. Nikapiga mara ya tatu.

Mama akanirudishia simu, akavuta buibui lake vizuri miguuni.

"Ungemwacha shemeji yako aongope kidogo, mwanangu," akasema. "Jumatatu tungekuwa hapa."